Tulipochagua Shangani

Mwaka 1995 mume wangu Hemedi alipata kazi ya ukarani kwenye ghala moja la bandarini Mtwara, nasi tukahama kutoka kijijini kwetu, karibu na Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma. Tulikuwa watu wanne: Hemedi, mimi Farida, binti yetu Husna aliyekuwa na miezi minane, na Somoe, mama mzazi wa Hemedi.

Mama mkwe hakutaka kuhama. Mikorosho yake ilikuwa imeshikwa na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, miaka mitatu mfululizo, baba mkwe alikuwa ameshafariki, na viboko walikuwa wanamaliza mpunga wake kule bondeni. Hata hivyo alisema atabaki na makaburi yake. Aliyekataa ni Hemedi. Alimwambia mbele ya ndugu wote, "Mama, umenizaa peke yangu. Nikikuacha hapa watu watasema nini?" Nadhani alisema kwa mapenzi. Lakini maneno aliyoyatumia ndiyo hayo.

Tulifikia Mikindani kwa shangazi yangu, tukakaa pale wiki mbili huku tunatafuta nyumba. Kubaki Mikindani kungekuwa rahisi, kwani katika zile nyumba za kale za mawe vyumba vilikuwa vya bei nafuu, lakini nauli ya kila siku hadi bandarini ingetumaliza. Tukaenda kuangalia Magomeni ya Mtwara. Kule walikaa watu wengi wa kwetu, wa kando ya mto. Mama mkwe aliposikia wanawake wanasemezana Kimakonde kisimani alisimama, akacheka peke yake, akaniambia, "Hapa pazuri." Hemedi naye alipapenda. Mwenye nyumba alikuwa tayari kutupa vyumba viwili siku hiyo hiyo.

Mimi ndiye niliyekataa. Sababu nilikuwa nazo. Kisima kilikuwa kimoja na foleni ya ndoo ilizunguka nyumba tatu, choo tungechangia na familia nne, na Husna alikuwa na tumbo la kuhara ambalo halikuwa limepona vizuri. Lakini nitasema ukweli wote, maana sina tena wa kumficha. Nilisoma mpaka darasa la saba kwa shangazi, nikazoea kuona wake za maofisa wakija Mikindani kununua samaki, wamevaa viatu vya kufunika vidole, wakisema wanakaa Shangani, mtaa wa wakubwa kule Mtwara mjini. Nilitaka na mimi mtu akiniuliza ninapokaa nijibu neno hilo.

"Hatukutoka kijijini kuja kukaa kijijini," nikamwambia Hemedi. Akanyamaza. Hemedi akinyamaza, ujue amekubali.

Tukajaribu Ligula, karibu na hospitali. Mama mmoja alituonyesha vyumba, tukapatana, akatuambia tulete vyombo. Tuliporudi mchana na mama mkwe, yule mama akasema amekumbuka kuwa mdogo wake anarudi kutoka Songea. Tukaenda Chuno kwa mwalimu mmoja mstaafu. Asubuhi nyumba ilikuwa wazi, saa saba ikawa imeshachukuliwa. Tulipokuwa tunaondoka nilimsikia mkewe akisema mlangoni, bila hata kupunguza sauti, "Wamawia hawa, mpokee mmoja, wiki ijayo wako kumi."

Ndipo nilipoelewa. Wamawia ndilo jina la dharau wanaloitwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Mama mkwe alizaliwa ng'ambo ya mto. Alivuka akiwa msichana, yeye na wazazi wake, wakikimbia kazi ya kulazimishwa ya Wareno. Usoni alikuwa na chale, mistari juu ya mistari kuanzia kipaji cha uso mpaka kidevu, na kwenye mdomo wa juu alikuwa na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha pambo, aliyokuwa ameivua siku aliyosilimu, akaolewa na baba yake Hemedi. Kijijini kwetu hakuna aliyeutazama uso ule mara mbili. Mjini ndiko nilikoanza kuuona.

Siku ya kumi na mbili tukapata habari ya nyumba Shangani. Ilikuwa ya tofali na bati, yenye vyumba vitatu, umeme, bomba uani, na shule ya msingi karibu. Nyuma, kando ya jiko la mkaa, kulikuwa na chumba kidogo cha mtumishi. Mwenye nyumba, Bi Salma, alikuwa mjane wa mtu aliyekuwa na cheo serikalini. Yeye mwenyewe aliishi nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa michongoma. Mama mkwe tulimwacha nje ya geti na mtoto. Hakuna aliyemwambia abaki. Mimi nilipunguza tu mwendo pale, nikamwekea kapu chini, naye akaelewa akakaa.

Bi Salma alitupokea vizuri. Alituuliza kazi, akauliza tunaswali msikiti gani, akatutembeza chumba kwa chumba. Kodi ilikuwa juu lakini tungeiweza. Mwisho akasema, "Mimi nina sharti moja. Sipendi ukoo. Mtu na mkewe na watoto wao, basi. Wapangaji waliopita walikuja wawili, wameondoka kumi na moja."

Wakati huo huo Husna akaanza kulia kule nje, na mama mkwe akaingia naye mgongoni ili nimnyonyeshe. Bi Salma akamtazama usoni, macho yakatua kwenye tundu la mdomo.

"Na huyu?"

Nilimtazama Hemedi. Alikuwa analitazama bomba. Nilimpa muda wa kutosha mtu kusema maneno matatu, ni mama yangu, lakini aliendelea kulitazama lile bomba kana kwamba analinunua.

"Ni mtumishi wetu," nikasema. "Anatulelea mtoto."

"Oo, basi chumba cha nyuma kitamfaa," akasema Bi Salma.

Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha kubahatisha, lakini neno mtumishi alilijua. Alikunja goti kidogo kama tunavyosalimia kwetu, akamwambia Bi Salma, "Shikamoo." Bi Salma alikuwa mdogo kwake kwa miaka isiyopungua kumi. Akaitikia, "Marahaba."

Jioni, tukiwa Mikindani tunafunga mizigo, Hemedi akanivuta pembeni. "Ulisema nini pale?"

"Wewe ulinyamazia nini?"

Akasema tutamweleza Bi Salma ukweli tukishazoeana naye. Mama mkwe alikuwa amekaa mkekani anakunja nepi. Akasema bila kuinua kichwa, "Nyumba nzuri. Mtoto atapata maji safi. Mie chumba kile kinanitosha. Jina haling'ati." Nililikamata neno lake kama mtu anayezama akamatavyo ubao. Mwenyewe amekubali, nikasema moyoni. Amekubali mwenyewe.

Kuzoeana tulizoeana, ila siku ya kusema haikufika. Mwanzoni kodi ilikuwa inakaribia, tukaogopa kufukuzwa. Baadaye Bi Salma alimsaidia Hemedi kupata nafasi ya juu kidogo pale ghalani kupitia mtu aliyemfahamu, na kumwambia kuwa tulimdanganya ikawa aibu kubwa kuliko mwanzo. Uongo huo nao ulikua, kama mtoto anavyokua.

Mwaka wa kwanza, milango ikifungwa, tulimwita mama. Hemedi alikuwa akienda kukaa naye kule chumba cha uani, wakila pamoja ugali wa muhogo. Husna alipoanza kusema, tuliacha hata hayo. Mtoto hana siri. Tulimfundisha kusema Somoe, na ili asikie jina moja tu, na sisi tukawa tunasema Somoe. Mara ya kwanza Hemedi kumwita mama yake kwa jina mbele ya wageni ilikuwa Idi. "Somoe, ongeza pilau." Siku ile hakula tena. Mwaka wa tatu alikuwa akilitamka huku anasoma gazeti.

Bi Salma hakuwa mtu mbaya. Akiwa na wageni alikuwa akiita juu ya michongoma, "Mama Husna, niazime Somoe anikunie nazi." Na Somoe alikwenda. Alirudi na khanga iliyochujuka au bakuli la mabaki ya biriani. Lile bakuli alilileta mezani kwetu, akaliweka mbele ya mwanawe, akarudi nyuma. Sikumbuki hata siku moja Hemedi kumwambia kaa tule. Nami sikumwambia.

Mwaka 2002 Husna alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza. Alasiri moja wenzake watatu wa shule walikuja kucheza, mmoja wao mjukuu wa Bi Salma. Walikaa barazani wanakula maandazi. Mimi nilikuwa sebuleni, dirisha liko wazi. Nikamsikia mwanangu.

"Wewe Somoe, tuletee maji. Ya baridi. Na bilauri usiguse kwa mdomo wako huo uliotoboka."

Wenzake wakacheka. Mama mkwe alileta maji kwenye sinia, akaliweka chini, akasubiri kidogo kuona kama kuna kingine, akaondoka. Nilikuwa na muda wa kutoka. Hatua tano tu kutoka kiti changu mpaka mlangoni. Sikutoka kwa sababu mjukuu wa Bi Salma alikuwapo, na sikujua ningemkemea Husna kwa maneno gani. Ningemwambia usimseme hivyo nani?

Watoto walipoondoka nilichukua fimbo. Mama mkwe alitoka jikoni akanishika mkono. Alikuwa na nguvu bado.

"Unampiga kwa kosa gani?" akaniuliza. "Kasema alichofundishwa."

Kesho yake Hemedi aliporudi kutoka msikitini alfajiri alimkuta mama yake amekaa kwenye ngazi ya uani, kafunga vitu vyake ndani ya ile khanga iliyochujuka. Akamwambia amepata mahali Magomeni, kwa mwanamke anayeitwa Asha. Walikutana sokoni siku alizokuwa akitumwa samaki, na Asha naye kwao ni ng'ambo ya mto.

"Mama, kaa," akasema Hemedi. "Nitamwambia Bi Salma leo."

"Mwaka wa saba huu, mwanangu. Leo yako haijafika tu."

Hemedi alimbebea mzigo mpaka getini. Alitaka kumfikisha, akakatazwa. Usiku ule tulimwambia Husna yule ni nani. Hakulia. Alituangalia kwa zamu, mimi na baba yake, na kuanzia siku ile akawa mtoto wa kuuliza mara mbili kila tunachomwambia, hata kama ni saa ngapi.

Bi Salma aliponiuliza habari ya mtumishi, nilisema amezeeka, amerudi kwao. "Wa siku hizi hawana shukrani," akasema, kama kunipa pole.

Hemedi alikwenda Magomeni kila Ijumaa baada ya swala, na sukari, sabuni, samaki wa kukausha. Mama yake alimtandikia mkeka barazani. Kabla hajamsalimu, alimwita Asha kwa sauti, "Asha, bosi wangu kaja." Hemedi aliporudi alinihadithia akijaribu kucheka. "Mama ana utani wa kizee," akasema. Nami nikacheka naye, maana utani ulikuwa jambo jepesi kulibeba.

Idi ya mwaka ule nilikwenda mwenyewe, nimemshika Husna mkono, nimemvalisha gauni jipya. Nyumba ya Asha ilikuwa ya udongo na makuti, imefagiliwa vizuri. Mama mkwe alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa anacheka na wanawake wawili huku wakimenya mihogo. Alipotuona kicheko kikaisha. Husna alipiga magoti, akashika mkono wake, akasema kama tulivyomfundisha njiani, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtoto wa bosi," akasema mama mkwe, akaurudisha ule mkono taratibu mapajani mwake.

Husna alilia njia nzima mpaka Shangani. Hatukwenda tena pamoja.

Mwezi wa Desemba 2004 korosho zilikuwa zimejaa bandarini, na Hemedi akakosa Ijumaa mbili. Asubuhi ya Jumatano mwanamke nisiyemfahamu alibisha getini, jasho linamtoka kwa kutembea. Alikuwa Asha.

"Yule mtumishi wenu wa zamani, Somoe, amefariki alfajiri," akasema. "Homa ya kifua, siku nne tu. Nimeona niwaambie, maana alisema mlimtunza vizuri."

Nilimtuma jirani bandarini kumwita Hemedi. Tulipofika Magomeni maiti ilikuwa imeshaoshwa na kukafiniwa. Niliomba niingie nimwone, mwanamke mmoja akaniambia kwa adabu, "Kaa hapo ukumbini na wageni wengine, bibie." Wanaume walikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, nasi tukisikia kila neno.

Mzee Rashidi, balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule, ndiye aliyekuwa anaongoza mambo. Akauliza, "Maharimu wa marehemu yupo? Atakayeingia kaburini kumpokea ni nani?"

"Mimi," akasema Hemedi. "Mimi ni mwanawe."

Mzee Rashidi akasema polepole, "Bwana, wewe tunakufahamu. Wewe ni bosi wake wa Shangani, umekuwa ukimletea sukari, Mungu akulipe. Lakini huyu mama tumekaa naye miaka miwili. Alituambia hakujaaliwa mtoto. Mambo ya maiti hayataki kubahatisha."

"Alinizaa. Nilitoka tumboni mwake. Muulizeni mke wangu, yuko hapo."

Asha akanigeukia. Wanawake wote wakanigeukia. "Bibie, ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Ni mama yake mzazi."

"Mama yake mzazi," akarudia Asha. "Na alikuwa akikuna nazi za majirani, akilala chumba cha uani?"

"Ndiyo."

Alinitazama kwa macho makavu. Halafu akaenda kwenye ua wa makuti akasema na wanaume waliokuwa upande wa pili, "Mke naye anasema hivyo hivyo. Mimi sijui. Najua alichoniambia mwenye kufa, na aliniambia mara nyingi."

Nilimsikia Hemedi akianza kutaja majina. Jina la babu yake, jina la kijiji, jina la mto mdogo walikokuwa wakiteka maji. Mtu yeyote aliyekaa na mtumishi miaka saba angeweza kuyajua yale. Jua lilikuwa linapanda, na Mzee Rashidi akasema maiti haicheleweshwi kwa mabishano. Wazee watatu wa Magomeni waliteuliwa kushuka kaburini. Hemedi alisimama kwenye safu ya nyuma, akarusha makonzi yake matatu ya udongo kama wapita njia wote. Ndugu wa kijijini, ambao wangeweza kumshuhudia, walifika kesho yake jioni.

Mpaka leo sijui mama mkwe aliwaambia hana mtoto kwa nini. Huenda alikuwa anatutunzia siri yetu mpaka mwisho, kama alivyotutunzia mtoto. Huenda alikuwa ameamua tu, akakaa chini siku moja kwenye kile kibaraza, akahesabu, akaona kweli hana. Hemedi anaamini la kwanza. Mimi niliutazama uso wa mama mkwe siku ile ya Idi kwa Asha, na siwezi kuamini hilo.

Siku ya tatu Bi Salma alikuja kutupa pole, na chupa ya chai mkononi. Alisikitika kwa dhati. Akasema mtumishi mwaminifu vile hapatikani tena, lakini kuna msichana wa Newala anamfahamu, nikitaka anaweza kuniletea.

"Hakuwa mtumishi," nikamwambia. "Alikuwa mama mkwe wangu. Mama yake Hemedi."

Aliiweka ile chupa sakafuni. Nilingoja aniambie tuhame, niliona hata ingenipunguzia. Hakusema hivyo.

"Mungu wangu, aliniamkia shikamoo," akasema. "Miaka yote ile nikamwitikia marahaba." Kisha akaniuliza, "Mimi nilisema sitaki ukoo. Mama nilimkataa lini?"

Nikataka kumwambia habari za Ligula na Chuno, na yule mwanamke aliyetuita Wamawia, lakini kila neno lilipofika kinywani nililiona halimhusu yeye. Aliondoka bila kuaga. Kodi yetu ilikuwa imelipwa mpaka Machi, naye hakuja tena upande wetu wa michongoma.

Machi tulitoka Shangani. Hemedi alitaka Magomeni. Nilimwambia hatuwezi kupita kila siku mbele ya kibaraza cha Asha, naye akanyamaza, lakini safari hii sikujua kama amekubali. Tulipata nyumba Naliendele, nje ya mji, mikorosho pande zote, majirani wametoka Masasi na Tandahimba na hawatufahamu. Maji ni ya kisima. Husna anayateka mwenyewe, hataki msaada wa mtu.

Majirani ni watu wa mazungumzo. Wakimuuliza Hemedi kama wazazi wapo hai, huwaambia baba alifia kijijini, mama alifia Magomeni. Wakiuliza ugonjwa, huwajibu. Wakiuliza nani alimshusha kaburini, huinuka na kusema anakwenda kuswali, hata kama adhana bado sana.